CB au Ham: Simu Zikikatika, Nani Atatusikia?

Wasomaji wetu walioko Maskati hawana haja ya kukumbushwa Juni ya mwaka 2007. Lakini kurasa hizi zinasomwa pia London, Toronto, Dubai na Dar es Salaam, kwa hivyo tuanze kwa kueleza kidogo. Kimbunga Gonu kilizaliwa katika Bahari ya Arabu siku za mwanzo za mwezi ule, kikapata nguvu kwa haraka iliyowashangaza hata wataalamu wa hali ya hewa, na ilipofika tarehe 4 kilikuwa kikali kuliko kimbunga chochote kilichokuwa kimepimwa katika bahari hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 6 kilikuwa kimekwisha fika Ras al-Hadd, kisha kikapanda na pwani kuelekea Maskati. Jina lake lilitolewa na watu wa Maldivi, na kwa lugha yao gonu ni mfuko unaosukwa kwa majani ya mnazi. Sisi tungesema pakacha. Basi pakacha hilo lilimwaga maji katika nchi ambayo mji wake mkuu hupata mvua ya kama milimita 100 tu kwa mwaka mzima.

Watu wapatao 50 walikufa nchini Omani, na hasara ilikisiwa kufikia dola bilioni 4. Maduka ya Qurum yaliingia maji, barabara ya Wadi Adai ikachukuliwa, Quriyat na Sur zikatengwa na ulimwengu. Mitambo ya Ghubra na Barka inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa ilisimama, na watu waliozoea kufungua bomba wakajikuta kwenye foleni na madumu mikononi kama enzi za visima. Umeme ulipokatika, simu zikafuata. Wakati ule Omani ilikuwa na makampuni mawili ya simu za mkononi, Oman Mobile na Nawras, na hii ya pili ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Mnara usio na umeme hauna tofauti na mnazi uliokatwa kichwa, na minara iliyobaki hai ililemewa na watu wote waliokuwa wakipiga simu kwa pamoja.

Tangu hapo, kila kinapotajwa kimbunga kipya (Phet mwaka 2010, Mekunu kule Salala mwaka 2018, Shaheen kule Batina mwaka 2021), barazani hurudi mjadala uleule. Mmoja husema kila nyumba inunue redio ya CB, ile ya madereva wa malori wa Marekani, rahisi, haina mtihani wala masharti mengi. Mwingine husema hapana, dawa ni redio ya ham, hata kama inataka kusoma na kufanya mtihani. Tumeona mas-ala haya yanazungumzwa kama ushabiki wa mpira, Simba na Yanga, bila ya kuuliza kwanza redio yenyewe inatakiwa ifanye kazi gani. Kwa maoni yetu jibu linapatikana zaidi katika historia kuliko katika bei za madukani.

Tuangalie kwanza kimya chenyewe, kwa sababu mwaka 2007 kilikuwa cha aina mbili. Kulikuwa na kimya cha ndani: mtu yuko Khuwair, mama yake yuko Amerat, baina yao kuna mlima na wadi iliyofurika, na hajui kama nyumba imesimama. Na kulikuwa na kimya cha nje: ndugu walioko Unguja, Mombasa na Uingereza wanatazama picha za televisheni, wanabonyeza namba, na hakuna kinacholia. Aina hizi mbili hazina dawa moja. Anayezichanganya ndiye anayenunua chombo kisichomfaa.

Kimya cha nje ni cha zamani kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, jambo la nadra kwa kisiwa kilicho karibu na ikweta kiasi kile. Kilivunja vyombo bandarini, pamoja na merikebu za Sayyid Barghash, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti, na kiling'oa mikarafuu ya Unguja kwa maelfu. Pemba iliathirika kidogo, na hiyo ni sababu moja ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Waliokuwa na jamaa na mali Unguja, wakaazi wa Maskati, Matrah na Sur, walipata khabari kwa namna moja tu, nayo ni chombo kuvuka bahari kikiwa na mtu wa kuisimulia. Vivyo hivyo Juni 1890, kimbunga kilipoua mamia ya watu Omani, khabari ilikwenda pole pole kwa wale waliokuwa upande wa Afrika.

Uzi wa simu ya maandishi ulikuwa umeanza kuisogelea pwani yetu, lakini haukuletwa kwa ajili yetu. Mwaka 1864 Waingereza walitandika waya chini ya Ghuba ili kuiunganisha India na London, wakajenga kituo juu ya kisiwa kidogo kama sahani, ndani ya khori za Musandam, wakakihama baada ya miaka michache. Leo watalii hupelekwa kwa jahazi kuogelea pale. Unguja ilifungwa waya wa kwenda Aden mwaka 1879. Kuanzia hapo taarifa ya Unguja iliweza kufika mbali kwa saa badala ya wiki, kwa mwenye uwezo wa kulipia kila neno.

Tunaueleza uzi huo kwa sababu bado tunauning'inia. Mazungumzo yetu ya WhatsApp baina ya Maskati na Unguja yanapita chini ya bahari kama ilivyopita simu ya maandishi ya 1879. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwengineko. Hakukuwa na kimbunga siku ile. Na wanaokumbuka Unguja ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua mambo yanavyokuwa waya wa umeme unaotoka bara unapoharibika: miezi mitatu ya giza, majenereta yananguruma Darajani na Mji Mkongwe, na watu wanalipa ili kuchajiwa simu. Chombo cha dharura kisichoweza kuishi kwa betri na paneli ya sola si chombo cha dharura. Hapo CB na ham zote mbili hufaulu, kwani zote hukubali betri ya gari.

Sasa tuje kwenye CB. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya masafa ya raia, na Marekani iliwatengea raia wake masafa hayo, karibu na megahezi 27, mwaka 1958. Kwa miaka mingi ilikuwa ni redio ya mafundi na wenye teksi. Kilichoifanya ivume ni jambo lililoanzia upande wetu wa dunia. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizouza mafuta ziliifungia Marekani mafuta kwa sababu ya vita. Marekani ikapunguza mwendo wa magari barabarani ili kubana matumizi, na madereva wa malori wakaanza kutumia CB kuambiana wapi kuna petroli na wapi amejificha askari wa trafiki. Katika muda mfupi nchi nzima ilikuwa inazungumza hewani. Chaneli 23 hazikutosha, zikaongezwa mpaka 40 mwaka 1977. Chaneli ya 9 ilitengwa kwa dharura. Uingereza iliiruhusu CB Novemba 1981, baada ya watu wengi kuitumia kwa kujificha.

Tazama basi nini kiliipa CB nguvu. Nguvu yake haikutoka katika chombo chenyewe, ambacho kisheria hurusha wati 4 tu kwa sauti ya kawaida. Ilitoka katika malori. Ukiwa barabara kuu ya Marekani mwaka 1976 na gari yako imeharibika usiku, ukibonyeza kitufe ukasema, palikuwa na mtu kilomita tano mbele au nyuma anayesikiliza. Wasomaji wetu wanaoendesha malori huko Marekani, na wapo wengi kutoka Kenya na Somalia, watatuambia kwamba hata huko siku hizi CB imenyamaza sana, kwa sababu dereva ana simu. Hapa Omani hatujapata kuwa na umati huo wa wasikilizaji. Mtu mwenye CB peke yake Amerat ni sawa na mwadhini aliyepanda mnarani katika kijiji kilichohama.

Kuna na maumbile ya nchi pia. Wimbi la CB kutoka gari hadi gari hufika kilomita chache, kumi ukibahatika na uwanda. Maskati si uwanda. Ni mji uliojibanza baina ya majabali, mtaa huu bonde lake na mtaa ule bonde lake, na jabali halipishi mawimbi hayo. Halafu, kila baada ya miaka kama kumi na moja jua linapochacharika, masafa ya megahezi 27 hugeuka kioo: unamsikia mtu aliye maelfu ya kilomita akipiga soga kwa lugha usiyoijua, na jirani yako aliye nyuma ya kilima humsikii. Kilele cha mwisho cha jua kilikuwa mwaka 2024. Kwa wanaopenda kupoteza wakati jambo hilo ni la kufurahisha. Kwa mtu anayemtafuta mama yake ni balaa.

Hatusemi kwamba redio ndogo hazina kazi. Mtaa wenye nyumba ishirini zilizokubaliana mapema, kila moja na kiredio chake cha mkononi, chaneli moja, saa maalumu za kuwasha, unaweza kujiokoa vizuri: nani ana maji, nani ana mgonjwa, gari gani kubwa inaweza kupita. Hiyo ndiyo dawa ya kimya cha ndani kwa umbali mfupi. Lakini kilicho muhimu katika sentensi hiyo ni neno «zilizokubaliana».

Redio ya ham ni habari nyingine. Kiswahili kina neno zuri kwa kitu hiki: ridhaa. Kama ilivyo ndondi za ridhaa, ndivyo zilivyo redio za ridhaa. Mtu hafanyi kwa malipo, anafanya kwa mapenzi. Waarabu huwaita watu hawa huwat al-lasilki, wapenzi wa kisichokuwa na waya, na neno hilo huwat linatokana na hawa yenye maana ya mapenzi, inayokaribiana mno kwa sauti na ile hawa nyingine iliyotupa sisi hewa. Wazee wetu waliiita kila redio ya kuzungumzia simu ya upepo, na hawakukosea.

Mpenzi wa ridhaa hufanya mtihani wa sheria na ufundi, hupewa leseni, na hupewa jina la hewani ambalo halifanani na la mtu mwingine duniani. Kabla ya 1970, waliorusha kutoka Maskati na Omani walikuwa na majina yanayoanza na MP4M, na Unguja ilikuwa VQ1. Leo Omani huanza na A4, Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Chama cha Kifalme cha Redio za Ridhaa cha Omani, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza ROARS, kiliundwa mwaka 1972, miaka miwili tu baada ya Sultan Qaboos kushika nchi, wakati Omani ilikuwa ndiyo kwanza inajenga shule na hospitali. Sababu si siri: Sultan mwenyewe alikuwa mpenzi wa mambo haya, na jina lake la hewani lilikuwa A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1. Watu wa kawaida katika vyumba vyao huko Japani na Brazili walipata kuzungumza na wafalme, na adabu za hewani zikawa zilezile: jina la hewani, nakusikia vizuri, asante, salamu kwa jamaa.

Ziko sababu tatu zinazotufanya tuelemee upande huu, na moja ni kubwa kuliko nyengine.

Ya kwanza ni milima. Mwenye leseni ya ham anaruhusiwa masafa mengi, na miongoni mwao yapo yanayoyageuza majabali ya Hajar kuwa si kitu. Chukua waya mrefu, uutandike usawa wa mita chache tu kutoka ardhini, urushe mchana kwa megahezi 7 au usiku kwa megahezi 3.5. Mawimbi hupanda juu karibu wima, hugonga tabaka la anga linaloitwa ionosfia, na hurudi chini kama manyunyu juu ya eneo la kilomita mia kadhaa pande zote. Maskati inasikika Sur, Nizwa na Ibri bila ya mnara, bila ya ripita juu ya kilima, bila ya kampuni. Yule aliye chini ya jabali anasikika sawa na aliye juu yake. Ni ajabu kwamba antena mbaya kwa kuzungumza na Australia ndiyo nzuri kwa kuzungumza na Quriyat.

Ya pili ni mazoezi. Wanaridhaa huwa hewani kila siku kwa starehe zao, kwa hivyo siku ya shida hawaulizani kitufe kipi kibonyezwe. Wanachama wa ROARS walikuwa miongoni mwa waliosaidia mawasiliano wakati wa Gonu, na hawakuanza kujifunza siku ile. Mfano mkubwa zaidi ni wa mwisho wa 2004. Mwanamama wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikwenda na wenzake Port Blair katika visiwa vya Andaman ili kurusha kutoka mahali ambako kwa miaka mingi hapakuwa na ham, jambo ambalo wapenzi wa redio hulifurahia kama wakusanyaji wa stempu. Jina lake la hewani lilikuwa VU4RBI. Tarehe 26 Disemba ardhi ikatetemeka, ikaja tsunami, simu za visiwa zikakatika, na kituo cha mchezo kikageuka siku hiyohiyo kuwa kituo cha kupeleka majina ya waliosalimika. Mawimbi yaleyale yaliua mamia ya watu pwani ya Somalia na kufika hadi kwetu Afrika Mashariki. Pwani ile haikupata onyo lolote, ingawa maji yalichukua masaa kuvuka bahari.

Ya tatu, na ndiyo inayotuhusu sisi tuliotawanyika, ni ya kisheria. Zamani sheria za kimataifa zilimbana mwanaridhaa: alizungumza na mwenzake mwenye leseni kuhusu redio na mambo yao madogo, na kumpelekea mtu mwengine ujumbe nje ya mipaka kulihitaji nchi mbili ziwe zimekubaliana. Mwaka 2003, katika mkutano wa dunia wa masafa ya redio uliofanyika Geneva, kanuni ilibadilishwa. Wakati wa dharura na maafa, mwanaridhaa anaruhusiwa kupeleka ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya asiye na leseni. Mkutano huohuo uliziachia nchi uamuzi wa kudai au kutodai mtihani wa alama za Morse, ambao ulikuwa umewakimbiza watu wengi. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: bibi aliye Amerat hahitaji kusoma chochote. Anahitaji kijana mmoja wa mtaa mwenye leseni, na mwengine mmoja upande wa pili wa bahari.

Pana sharti moja litakalowatia watu wetu kichekesho. Kanuni inakataza mwanaridhaa kuficha maana ya maneno yake kwa alama za siri. Sisi, watu wa mafumbo, tunaotukanana kwa kanga, tutalazimika kusema wazi. Na kila mtu anasikia. Mtu asitangaze hewani kwamba nyumba ya fulani iko tupu na dhahabu imebaki kabatini.

Kwamba watu wa kawaida wanaweza kuishi na hali hiyo, ushahidi upo karibu. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 na kambi za Dadaab kufunguliwa kaskazini-mashariki mwa Kenya, Wasomali walitafutana kwa redio za masafa mafupi walizoziita taar. Hazikuwa CB wala ham. Zilikuwa za wafanyabiashara, na watu walilipia. Mpigaji alitaja jina na ukoo wa anayemtaka, mwenye taar wa upande wa pili akatuma mtoto kumwita, na saa iliyopangwa wakaonana kwa sauti. Hawala za pesa zilipita mlemle: aliyeko Nairobi au Ulaya ametoa kiasi kadha, aliyeko kambini apewe. Mahari, misiba na madeni ya watu yalisikiwa na kila aliyefungua redio. Ile taar ilivyofanya kazi inatufundisha kuliko vitabu vya ufundi: palikuwa na mtu anayeaminika kila mwisho wa njia, na palikuwa na saa inayojulikana. Vivyo hivyo mashariki ya Kongo, ambako misheni na wafanyabiashara walizungumza kwa foni, kila kituo na saa yake ya asubuhi.

Wapo watakaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwani kuna simu za setilaiti. Kweli, na mwenye uwezo wa Thuraya na kuilipia mwaka mzima ikae kabatini aendelee. Wapo watakaosema serikali imejifunza tangu Gonu, na hilo pia ni kweli: mwaka 2021 Shaheen ilipoingia Suwaiq na Khabura, watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na utabiri ulikuwa bora mara nyingi kuliko wa 2007. Hata hivyo namba 9999 ya polisi inahitaji simu inayofanya kazi. Tuongeze na ukweli mchungu: ziko shida ambazo redio ya aina yoyote haifui dafu. Aprili 2024, mafuriko yaliyowachukua watoto wa shule huko Samad al-Shan yalikuwa ya wadi kujaa kwa dakika chache mchana kweupe. Pale kilichotakiwa ni gari kutoingia majini. Antena haikuwa na la kufanya.

Kuhusu kununua, tutasema maneno machache tu. Nchini Omani kurusha mawimbi ni jambo la ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano, TRA, iliyowekwa na sheria ya 2002. Mtu asinunue CB, kiredio cha mkononi wala mtambo mkubwa, na asiagizie mtoto wake aliye Uingereza amletee katika sanduku, kabla ya kuuliza pale. Tanzania mlango ni TCRA. Kinachouzwa huru London kinaweza kukamatwa uwanja wa ndege hapa. Na viredio vile vya bei ndogo vinavyofunguka masafa ya ham havimfanyi mtu kuwa mwanaridhaa, kama joho lisivyomfanya mtu kuwa kadhi. Tena bila ya ripita au kilima havitoki nje ya bonde.

Kwa hivyo, kama tuna nguvu za kutosha kufanya jambo moja, lisiwe kununua CB ishirini. Liwe kuwapeleka vijana wawili au watatu, na mabinti wamo, wakafanye mtihani, kisha wajizoeze na wenzao Waomani ambao wana uzoefu wa zaidi ya miaka hamsini. Viredio vya mtaa vitafuata kwa ruhusa yake. Watoto wetu waliokulia na simu ya mguso huenda wakaona ni mambo ya babu, mpaka wasikie kuhusu setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 ikiwa na kipande maalumu kwa ajili ya wanaridhaa, cha kwanza cha aina yake kusimama mahali pamoja angani saa zote. Dishi la saizi ya la televisheni linatosha kuifikia, na chini ya jicho lake wamo Maskati na Unguja kwa pamoja.

Lakini hata bila ya dishi, njia ipo. Baina ya Maskati na Unguja ni karibu kilomita 3,900, umbali ambao masafa ya megahezi 14 na 21 huupenda. Hapa ikiwa saa kumi na moja jioni, kule ni saa kumi, na jua bado liko juu ya pande zote mbili. Siku moja kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, robo saa ya kusalimiana ingetosha kuiweka njia hai. Upande huu tunajua pa kuwatafuta wenye leseni. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba anayemjua mwenye jina la hewani linaloanza na 5H, atuandikie.